Namna ya kula China mji kwa mji: mwongozo kwa anayeshukia Guangzhou

Watu wengi wa kwetu wanaoenda China wanashukia Guangzhou, wanalala Xiaobei, mtaa wa Waafrika wengi, wanazunguka kutafuta mzigo mchana kutwa, usiku wanakula ugali na samaki kwa wenzetu wanaopika kule, alafu wanarudi nyumbani wanasema chakula cha Kichina hakiliki. Na mimi safari zangu tatu za kwanza zilikua hivohivo, wali na kuku kila siku. Safari ya nne mzigo ukachelewa kiwandani siku tisa, visa bado ilikua na nafasi, nikapanda treni na mwenzangu wa biashara ambae ni Muislamu na alikua na wasiwasi kuliko mimi, tukaenda Xi'an na Lanzhou, na tangu hapo kila nikienda natenga siku za kula tu.

Kitu nilichojifunza ni kwamba chakula cha Kichina kama kitu kimoja hakipo. Nani atachukua ndizi za Bukoba na pweza wa nazi wa Tanga aseme hiki ni chakula kimoja? Na China mkoa mmoja tu wa Sichuan una watu zaidi ya milioni 80. Kwahiyo siri ni ndogo sana: kila mji kula kile wenyeji wanachokula, na kula saa ileile wanayokula wao. Mengine yote nitakayoandika hapa yanatoka kwenye hilo.

Hatua ya 1: Andaa simu ukiwa bado nyumbani

Usisubiri ufike. Noti zinapokelewa ila muuza tambi wa asubuhi mara nyingi hana chenji, kila mtu pale analipa kwa kuskani. Pakua Alipay na WeChat, ndo programu wanazolipia, ukiwa huku, jaza taarifa za pasipoti, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard uhakikishe imekubali. Malipo ya mara moja yakizidi yuan 200 Alipay inakata asilimia 3 juu yake, lakini bakuli la tambi haliwezi kufika huko.

Pia jua kwamba Google na WhatsApp hazifunguki kwa laini ya kule. Ukiwa na laini ya nyumbani kwa rominga zinafunguka, ila bando linaisha haraka. Ramani tumia Amap. Chukua na programu ya kutafsiri yenye kamera, na Kichina chake ukishushe kabisa kwenye simu ili kifanye kazi bila intaneti, maana migahawa mingi haina tena menyu ya karatasi, ipo QR imebandikwa mezani, unaskani, unachagua, unalipa, chakula kinakuja. Ukikwama piga skrinishoti ya menyu alafu tafsiri hiyo picha.

Kutafuta sehemu ya kula wenyeji wanatumia Dianping. Ni Kichina kitupu lakini usiogope, we angalia picha walizopiga wateja, sio zile za mgahawa. Sahani inayojirudia kwenye picha za watu wengi ndo hiyo inayowaleta pale, nenda nayo kaunta uonyeshe kidole. Na tembea na tishu mfukoni, sehemu nyingi ndogo hazikupi bure.

Hatua ya 2: Kariri herufi chache na sentensi mbili

Ukijua hizi umemaliza nusu ya safari. 牛 ni ng'ombe, 羊 ni mbuzi au kondoo, 鸡 kuku, 鱼 samaki, 猪 nguruwe. Sasa angalia hapa kwa makini, ukikuta 肉 ambayo ni nyama tu, hawajataja mnyama, hiyo ni kitimoto. Kwao nyama ikisemwa hivihivi inaeleweka ni nguruwe, na hapo ndo wengi wanapokosea, wanauliza "hii ni nyama gani" wanajibiwa "ni nyama" wanakula.

Kwa Muislamu herufi za kushika kuliko zote ni 清真, inasomwa qingzhen, tamka chingjen. Hiyo ndo halali. Mara nyingi ipo kwenye kibao cha kijani juu ya mlango, wakati mwingine na maandishi ya Kiarabu pembeni. Unaweza kusema "wo bu chi zhurou", yaani sili nguruwe, na watakuelewa vizuri tu, ila mi namshauri mtu anayeshika dini asitegemee sentensi hiyo, kwa sababu hata mboga za majani sehemu nyingi zinakaangwa kwa mafuta ya nguruwe na mpishi hahesabu hiyo kama nyama. Fuata 清真 tu. Na habari njema ni kwamba karibu kila mji una vile vimgahawa vya tambi za kuvuta kwa mkono vimeandikwa Lanzhou lamian, vingi vinaendeshwa na familia za Kiislamu zilizotoka wilaya ya Hualong mkoa wa Qinghai. Mwenzangu alikua anavitafuta kwenye ramani kabla hata hatujatafuta hoteli.

Sentensi ya pili ni "bu yao la", usiweke pilipili, au "wei la", kidogo tu. Ukifika Sichuan na Hunan jua kwamba kidogo yao bado ni kali.

Hatua ya 3: Shika saa zao

Asubuhi kuanzia saa 1 mpaka saa 3. Mchana wanakula mapema, saa 5 na nusu watu washakaa. Jioni saa 11 na nusu mpaka saa 1 na nusu usiku. Sisi tumezoea kula mchana saa 8, sasa we ukienda saa hizo unakuta mpishi kalala kwenye viti, unapewa kilichobaki, unasema mji hauna chakula. Chakula cha asubuhi ndo kizuri kuliko vyote kwa maoni yangu. Ni rahisi, mara nyingi haizidi yuan 15, na ndo chakula ambacho mji unapika kwa ajili ya watu wake sio kwa ajili ya mgeni. Kwahiyo hoteli ikikwambia chakula cha asubuhi kimo kwenye bei, kiache, toka nje.

Hatua ya 4: Anza na Guangzhou palepale ulipo

Guangzhou asubuhi ni chai, wao wanaita kunywa chai lakini maana yake ni kukaa meza moja masaa mawili unakula vitu vidogovidogo vya kwenye vikapu vya mvuke. Dim sum hiyo. Nenda mapema utakuta wazee washajaza ukumbi na magazeti yao. Unachagua chai kwanza, na chai inahesabiwa kwa kichwa. Maji ya moto ya mwanzo utaona wanasuuzia vikombe na vijiti, fanya hivo hivo. Mtu akikumiminia chai gonga meza taratibu kwa vidole viwili, hiyo ni asante. Birika likiisha weka mfuniko wake upande, mhudumu akiona anakuja kujaza bila kuitwa.

Uagize nini? Anza na changfen, ni kama chapati laini ya unga wa mchele iliyokunjwa, ndani wanaweka kamba au nyama ya ng'ombe, inamwagiwa mchuzi wa soya. Alafu miguu ya kuku, fengzhua, inakaangwa kisha inapikwa kwa mvuke mpaka inaachia yenyewe mdomoni. Na uji wa mchele, kama we ni mtu wa uji huo utaupenda, ni wa chumvi sio sukari. Zile har gow, vifuko vyeupe vya unga vyenye kamba, vinavyoonyesha ndani, ni tamu sana, lakini mara nyingi zina mafuta ya nguruwe kwahiyo kwa Muislamu hapana, na kwa ujumla nyumba za chai za kawaida sio halali, mwenzangu alikua anakunywa chai tu pale alafu tunaenda wote kula kwenye mgahawa wa Waislamu. Mji una msikiti wa zamani sana, Huaisheng, na una Waislamu wa kutosha, huwezi kulala njaa.

Ukila na wenyeji chakula kinawekwa katikati kila mtu anachota, ni kama sinia tu la kwetu. Sahani hazina mwenyewe. Kijiti usikichomeke wima kwenye bakuli la wali, kwao hivo ndo vinavyosimama vijiti vya udi vya kuombea marehemu, laza juu ya bakuli au pembeni. Na bakshishi hamna, ukiacha hela mezani wanakukimbiza nayo.

Hatua ya 5: Panda treni uelekee kaskazini, na uangalie dirishani

Hii naiomba kwa moyo wote, usipande ndege. Treni ya mwendokasi kutoka Guangzhou mpaka Xi'an ni kama masaa 8, unaonyesha pasipoti tu, na njiani unaona chakula kinavyobadilika kwa macho yako. Huku kusini ni majaruba ya mpunga, ukishaivuka Wuhan kwenda Zhengzhou unaingia kwenye mashamba ya ngano. Mpaka wenyewe wanausema ni mto Huai na milima ya Qinling. Kusini yake watu wa wali, kaskazini yake watu wa unga, yaani tambi, mikate, na vile vya kukunja na kuchemsha. Ukishajua mstari huo hutoagiza wali Lanzhou wala kutafuta mkate Guangzhou.

Wuhan shuka kama una siku moja. Vijana wetu wengi wamesoma pale na ukiwauliza wanakumbuka nini watakwambia re gan mian, tambi za asubuhi zisizo na supu. Zinachemshwa nusu, zinapakwa mafuta, zinapozwa, asubuhi zinachovywa tena maji ya moto sekunde chache na kumwagiwa uji mzito wa ufuta, juu figili ya achari na majani ya kitunguu. Changanya haraka kabla ufuta haujagandamana. Watu wanakula wakitembea kwenda kazini na kikopo mkononi. Basi, endelea na safari.

Xi'an ndo mji nilioupenda. Ulikua mji mkuu zamani, misafara ya biashara ya kutoka magharibi ilikua inafikia hapo, na Waislamu wake wana mtaa wao kabisa karibu na mnara wa ngoma. Ule mtaa mkubwa wenye mataa ni wa watalii, vyakula ni kwa ajili ya picha, we pita ingia vichochoro vya nyuma ambapo wenyewe wanakaa. Tafuta yangrou paomo. Hicho chakula mtu aliyekulia kwenye supu na chapati ya asubuhi haelezwi mara mbili. Unapewa bakuli tupu na mikate miwili mikavu migumu, unaimega mwenyewe vipande vidogo kama punje ya maharage. Ni kazi ya nusu saa, na usifanye haraka, wazee pale wanamega huku wanapiga stori, ukimega vipande vikubwa mpishi anajua we mgeni na supu haiingii ndani ya mkate. Ukimaliza bakuli linaenda jikoni na namba yako, linarudi limepikwa na supu ya kondoo, nyama na tambi nyembamba za wanga. Usikoroge. Kula kutoka pembeni taratibu, na kitunguu saumu chake cha achari tamutamu. Mwenzangu alikula akanyamaza, alafu akasema hii ni supu ya kwetu imesoma.

Kutoka hapo Lanzhou ni kama masaa 3. Mji umekaa ukingoni mwa Mto Manjano na asubuhi yote unanuka supu ya ng'ombe. Tambi zao za niurou mian zinahusishwa na Muislamu wa Kihui, kabila la Waislamu wa China, anaitwa Ma Baozi aliyeanza kuziuza mwaka 1915, na wana vigezo vitano mpaka leo: supu iwe angavu, figili nyeupe, mafuta ya pilipili mekundu, majani ya kijani, tambi za manjano. Utaratibu wa kununua uko hivi. Unalipa mlangoni unapewa karatasi, unaipeleka dirishani kwa wavutaji, na pale lazima useme unene wa tambi, ukinyamaza foleni yote inakusubiri. Maoxi ni nyembamba kama nywele, erxi ndo ya katikati, jiucaiye bapa kama jani, dakuan pana kama mkanda. Anza na erxi. Utamwona anaukunja unga anauvuta, anaukunja anauvuta, dakika haijaisha tambi ziko kwenye maji. Nyama kwenye bakuli ni kidogo, ongeza sahani ya nyama na yai. Nenda kabla ya saa 2 asubuhi, wenyeji wanaamini supu ya kwanza ya siku ndo yenyewe, na maduka mengi mazuri mchana ukipita kidogo washafunga.

Nimekula tambi za jina hilo Guangzhou mara nyingi, sio mbaya, lakini ile supu hapana, ile iko Lanzhou.

Hatua ya 6: Sichuan, ingia kwa mpango

Kutoka Xi'an mpaka Chengdu treni haizidi masaa 4, inapita ndani ya milima ya Qinling kwa mahandaki. UNESCO iliitambua Chengdu kama mji wa chakula mwaka 2010 na ukifika unaelewa kwa nini. Watu wanadhani Sichuan ni pilipili, pilipili yenyewe imetoka Amerika kama ilivyokuja kwetu, cha kwao hasa cha zamani ni huajiao, maganda ya tunda dogo la mti wa ukoo mmoja na ndimu. Haiwashi, inatia ganzi, midomo inatetemeka kama umeshika waya. Ganzi na ukali vikikutana wanaita mala. Mara ya kwanza unaweza kudhani umedhurika, tulia, inaondoka yenyewe dakika chache.

Anza na mapo doufu kula na wali. Tofu laini, yaani soya iliyogandishwa kama jibini, kwenye mchuzi mwekundu wa maharage ya kuchachushwa, inasemekana ilianzia kwa mama mmoja mwenye makovu ya ndui usoni mjini Chengdu mwaka 1862. Ya asili inawekwa nyama ya ng'ombe ya kusaga ila wengi sa hivi wanaweka nguruwe, uliza.

Alafu huoguo, na hapa nieleze vizuri maana sisi tukisikia hotipoti tunafikiria ile ya kuhifadhia chapati. Hii ni sufuria ya supu inachemka katikati ya meza yako, mnaletewa vitu vibichi mnachovya wenyewe. Siku ya kwanza omba yuanyang, sufuria iliyogawanywa katikati, upande mwekundu na upande mweupe usio na pilipili. Tengeneza kibakuli cha mafuta ya ufuta na kitunguu saumu, hicho ndo kinapunguza ukali, usiongeze pilipili nyingine. Utumbo ule wenye majani kama kurasa za kitabu shika kwa vijiti usiuachie, unazamisha na kutoa, wanasema mara saba juu nane chini, kama sekunde 15, ukizidisha unakua mpira. Viazi na mzizi wa yungiyungi weka mapema viive. Supu nyekundu hainywewi, hakuna anayeinywa. Na nguo nzuri acha hotelini, harufu inakaa siku mbili. Chengdu ina msikiti wa Huangcheng karibu na katikati ya mji, anayetaka halali aanzie maeneo hayo.

Ukiwa na muda shuka mkoa wa Yunnan. Nitataja viwili tu. Guoqiao mixian, tambi za mchele zinazokuja na supu iliyofunikwa na mafuta, haitoi moshi lakini inaunguza vibaya mno, usinywe kwanza, tumbukiza yai na nyama, kisha mboga, mwisho tambi. Na kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 9 ni msimu wa uyoga wa porini, migahawa mingine inakuwekea saa ya kuhesabu dakika mezani na haikupi vijiti mpaka uishe muda, usiwabishie, aina nyingine zisipoiva zinaleta maruweruwe na zinapeleka watu hospitali.

Hatua ya 7: Malizia kwa pilau

Mbali kabisa kaskazini magharibi kuna Xinjiang, na huko mtu wa pwani anakutana na ndugu zake. Waiguri, Waislamu wenyeji wa huko, wana polo, mchele na karoti na nyama ya kondoo kwenye sufuria kubwa, na polo na pilau ni neno moja. Wana samsa iliyojazwa nyama na vitunguu, hiyo ni ndugu wa sambusa isipokua haikaangwi, inabandikwa ndani ya ukuta wa tonur, ambalo nalo ni tanuri. Mishikaki yao ya kondoo inapakwa binzari nyembamba na pilipili. Wachina wengine polo wanaiita zhuafan, wali wa kushika, kwa sababu unaliwa kwa mkono. Mimi niliposikia hivo nikanawa mikono nikaweka kijiko pembeni na mzee mwenye mgahawa akaniongezea nyama.

Urumqi kutoka Lanzhou ni safari ya treni ya siku nzima, na ukifika kumbuka watu wengi kule wanaishi kwa saa yao iliyo nyuma ya Beijing kwa masaa mawili, kwahiyo na chakula kinasogea, mchana wa kwao ni saa 8 kwa saa ya Beijing. Kama huna siku hizo, Guangzhou hiyohiyo ina migahawa ya Xinjiang, herufi za kutafuta ni 新疆. Nenda mchana sio usiku, polo inapikwa sufuria moja na ikiisha imeisha. Ukikuta imeisha agiza laghman, tambi za mkono na kondoo, nyanya na pilipili hoho, na mishikaki mitano.